Kuosha, kupiga polishi na kulinda rangi ya gari nyumbani: mwongozo wa watu wa Tanga

Gari nililiosha mwenyewe, Jumapili, uani kwetu Makorora. Sabuni ya unga ndoo moja, kipande cha taulo kuukuu, nikasugua vumbi la Pangani kwa nguvu zangu zote mpaka maji yakatoka meusi. Nikajisifu. Kesho yake asubuhi nikaliegesha mbele ya banda la fundi rangi mmoja kule Ngamiani, jua likipanda kwa ubavu, na boneti yote nyeusi ikaonekana imefumwa utando wa buibui. Michirizi myembamba isiyohesabika, yote ikizunguka mwako wa jua. Nikamwamkia mzee, nikamwuliza kama rangi ni mbovu. Akainama, akapitisha ukucha, akacheka kidogo.

"Marahaba mwanangu. Hili gari hukuliosha. Umelipiga msasa."

Watu wa Tanga tunapenda kuilaumu bahari. Chumvi kweli ipo: egesha Raskazone usiku mmoja wakati wa kusi, asubuhi pitisha kidole kwenye kioo ulambe. Lakini kazi kubwa ya chumvi ni kwenye chuma. Inatafuta palipobanduka, pindo za milango na ndani ya madgadi, na hapo inaharakisha kutu. Klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, ikiwa nzima haiitoboi. Kinachoua mng'ao wa magari yetu ni mchanga unaoburutwa na kitambaa juu ya rangi, wiki baada ya wiki, na mwenye kitambaa ni sisi wenyewe au kijana tuliyempa gari aoshe. Ukirekebisha namna ya kuosha, nusu ya polishi unayoifikiria hutaihitaji.

Unachokishika ni kitu chembamba

Gari la kiwandani lina tabaka kadhaa juu ya bati: dawa ya kuzuia kutu, praima, rangi yenyewe, halafu juu kabisa ule utando usio na rangi ambao mafundi wanauita klia. Zote pamoja kwa kawaida ni maikroni 100 hadi 150, na maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Klia peke yake ni kama 40 au 50. Unywele mmoja wa kichwani mara nyingi ni mnene kuliko hiyo.

Ndani ya klia ndimo ilimo kinga dhidi ya miale ya jua. Na polishi, hata iwe laini vipi, inafanya kazi kwa kukata klia mpaka usawa wa mkwaruzo ufikiwe. Kwa hiyo kila ukipiga polishi unakula mtaji, na mtaji huu hauna faida inayorudi. Ndiyo maana nikiona mtu anajisifu kwamba gari lake hupigwa kompaundi, yaani polishi kali, kila mwezi, namwonea huruma mtu atakayelinunua.

Kabla hujaanza, jua gari lako liko kundi gani. Chukua kitambaa cheupe, tia polishi kidogo, sugua mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa mlango. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, basi halina klia: rangi ni ya tabaka moja, kama magari mengi ya zamani na baadhi ya yaliyopigwa rangi upya mtaani. Hilo linang'arika vizuri, lakini nenda taratibu. Na kama paa au boneti imeshaanza kutoa maganda meupe kama ngozi iliyobabuka, acha. Hiyo ni klia iliyokufa na kuachana na rangi, na hakuna polishi wala nta ya kuirudisha. Ni fundi rangi tu. Nimeona watu wanamaliza kopo zima juu ya maganda.

Vya kununua na vya kutonunua

Ndoo mbili za lita 20, na ya tatu ndogo kwa matairi. Shampoo ya gari. Glovu ya kuoshea yenye manyoya ya maikrofaiba, yaani nyuzi laini sana za kiwandani, au mbili. Taulo kubwa la maikrofaiba la kukaushia, na vitambaa vidogo vya maikrofaiba kama kumi; vya bei rahisi vinafaa, ila ukate lebo na uangalie pindo lisiwe gumu. Mpira wa maji, au kopo la kumwagia kama bomba halina nguvu. Chujio la plastiki la jikoni linaloweza kuingia kwenye ndoo. Hilo la mwisho usilichukue la mama watoto, nunua lako.

Sabuni ya unga iache kwenye nguo. Ina punje zinazochelewa kuyeyuka, na inaondoa nta yote uliyoihangaikia. Sabuni ya maji ya vyombo ina kosa hilohilo la kuondoa nta, isipokuwa siku moja tu: siku unayotaka kung'oa nta ya zamani kabla ya polishi. Dodoki libaki bafuni. Sponji ya godoro nayo weka mbali, kwa sababu mchanga unanasa kwenye uso wake bapa na hauna pa kujificha. Kwenye manyoya ya glovu punje inazama ndani, mbali na rangi.

Mafuta ya nazi nayo nayasikia sana, hasa kwa bampa nyeusi. Yanang'arisha kwa siku mbili, kisha vumbi lote la barabara linakuja kukaa hapo. Yaacheni kwenye nywele.

Saa na kivuli

Usioshe bati likiwa la moto. Weka kiganja juu ya boneti; ukishindwa kukiacha hapo kwa starehe, sabuni itakauka kabla hujaisuuza na kuacha madoa. Kwetu maana yake ni saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Kivuli cha nyumba ni bora kuliko cha mti. Mwembe unadondosha utomvu, na mzambarau wakati wa matunda unageuza gari jeupe kuwa kanga.

Kingine ni maji. Visima vingi vya uani huku pwani vina chumvi au chokaa, na maji hayo yakikaukia juu ya rangi yanaacha vile vidoti vyeupe ambavyo ukivifuta haviondoki. Kama huna budi kutumia kisima, kitumie kwa kazi ya mwanzo, lakini weka ndoo mbili za maji ya bomba au ya mvua kwa kusuuza mwisho. Na usiache gari lijikaushe.

Kuosha kwenyewe

Anza na matairi na rimu, kwa ndoo yake na brashi yake. Vumbi la breki ni unga wa chuma na pedi. Kitambaa kilichogusa rimu kisiguse rangi tena maisha yake yote. Wakati uko huko chini, elekeza mpira ndani ya madgadi na chini ya kizingiti cha mlango. Hapo ndipo chumvi na tope la njia ya Pangani vinapokaa miezi. Fungua milango, tazama ukingo wa chini: kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Vikizibwa na matope, mlango unageuka mtungi na kutu inaanzia ndani, usijue mpaka rangi ivimbe nje. Njiti ya kibiriti inatosha kuvizibua.

Sasa mwagia gari zima maji, kutoka paani kushuka, bila kugusa kitu. Usiharakishe. Dakika tano za maji matupu zinaondoa mchanga ambao vinginevyo ungeusugua kwa mkono. Kama gari limetoka Muheza na lile vumbi jekundu, au limefuata malori ya saruji na chokaa upande wa Pongwe na Maweni, mwagia mara mbili. Vumbi la saruji lina ubaya wake wa pekee: likipata umande wa usiku linaganda, na ukilifuta kavu linakwangua. Usilifute kavu hata siku moja, hata kwa lile fagio la manyoya linalouzwa barabarani. Hasa kwa lile fagio.

Ndoo ya kwanza ni ya shampoo, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Kuzidisha hakusaidii, kunaacha utelezi usiosuuzika. Ndoo ya pili ni maji matupu, na ndani yake lile chujio limelala kifudifudi chini kabisa. Chovya glovu kwenye sabuni, osha kipande kimoja cha gari, kisha glovu iende kwenye ndoo ya maji matupu, isugue juu ya chujio, ikamue, ndipo irudi kwenye sabuni. Mchanga unazama chini ya chujio na kubaki huko. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, mwisho wa kazi nilimwaga ile ndoo polepole na kuona chini tope la kijivu, kama kijiko kizima cha mchanga laini. Kijiko kile, siku zote za nyuma, nilikuwa nakirudisha kwenye boneti.

Utaratibu ni kutoka juu kwenda chini: paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, halafu nusu ya chini, na bampa mwisho. Nusu ya chini ya gari ndiyo chafu kuliko yote, kwa hiyo ikiwezekana iwe na glovu yake. Piga kwa mistari iliyonyooka, kufuata njia ambayo upepo hupita gari likitembea. Si kwa duara. Mkwaruzo ukitokea bahati mbaya ukiwa umenyooka hauonekani kirahisi. Wa duara ndio unaofanya utando wa buibui. Uzito wa glovu unatosha, usikandamize. Glovu ikianguka chini, hata ikiwa chini ni sakafu ya saruji iliyofagiwa, ioshe kabisa kabla hujaitumia tena. Hapo ndipo vijana wengi wa kuosha magari wanapoharibu, na wala si kwa ubaya. Kitambaa kinadondoka, wanakikung'uta mara moja, wanaendelea. Mimi sasa nikilazimika kupeleka gari kuoshewa, nabeba glovu zangu na kumwambia kijana, "Kaka, tumia hizi, na chai ipo." Hakuna aliyewahi kukasirika.

Suuza kipande kwa kipande, sabuni isikauke. Mwisho toa pua ya mpira, acha maji yatiririke bila nguvu kuanzia paani. Yataondoka kama shuka na kuchukua matone mengine. Kisha taulo kubwa: litandaze juu ya bati, livute kwako, geuza upande. Usisugue. Kwenye vioo vya pembeni na chini ya vitasa maji hujificha na kutiririka baadaye, kwa hiyo vipitie tena baada ya dakika kumi.

Kunguru, utomvu na lami

Wanatutania, Tanga waja leo waondoka leo. Kwa kinyesi cha kunguru huo ndio uwe utaratibu: kije leo, kiondoke leo. Kina asidi, na jua linapopasha bati klia inatanuka na kulainika. Jioni inapopoa na kusinyaa inakamata umbo la uchafu ule. Kwa jua letu saa chache zinatosha kuacha alama ya kudumu. Weka ndani ya gari chupa ndogo ya maji yenye matone ya shampoo na kitambaa kimoja safi. Loanisha, tandaza kitambaa kilicholowa juu yake dakika mbili tatu, kisha kibebe kwa kukinyanyua. Kinyesi cha ndege kina mbegu na mchanga. Ukifuta kwa kuburuta umejichorea.

Utomvu wa mwembe ukiwa mbichi unatoka kwa maji ya uvuguvugu na shampoo. Ukikauka, tumia kitambaa chenye alkoholi kidogo, ukiweke juu ya doa nusu dakika kisha ufute. Lami inatoka kwa mafuta ya taa: lowesha kona ya kitambaa, kandamiza dakika moja, futa, na osha pale pale kwa shampoo. Fanya mbali na jiko na sigara. Petroli na thina hapana, zinalainisha rangi yenyewe, hasa iliyopigwa mtaani.

Vile vidoti vyeupe vya maji ya kisima, na saruji iliyoganda kidogo, vinayeyuka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Weka dakika moja au mbili kivulini, suuza kwa wingi. Visipotoka kwa mara mbili, vimeshachimba klia, na hapo ni kazi ya polishi.

Kupapasa kwa nailoni

Gari likiwa safi na kavu, tia mkono ndani ya nailoni nyembamba ya mkate. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 1, 2019, lakini nailoni ya mkate bado ipo. Pitisha vidole taratibu juu ya boneti. Nailoni inaongeza hisia za vidole: utasikia vipele, kama unapapasa msasa uliochakaa. Ni chembe za chuma, saruji, rangi iliyoruka kutoka kwa jirani anayepaka geti. Kuosha hakuviondoi.

Vinang'olewa kwa udongo maalumu laini unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi vya magari kwa jina la klei. Kata kipande cha kukaa vidole vitatu, kikande mpaka kilainike, kibapaze. Pulizia maji ya shampoo kwa wingi, kisha pitisha udongo mbele na nyuma bila kukandamiza. Mwanzo utasikia unakwaruza na kunata. Baada ya mapito machache unateleza kimya. Ukitazama upande wa chini utaona madoa ya kahawia. Ukunje, pata uso mpya, endelea. Ukidondoka chini utupe, usiuonee huruma, kwa sababu mchanga ulioingia hautoki.

Kazi hii mara moja au mbili kwa mwaka inatosha. Nayo inaacha alama hafifu, kwa hiyo ifanye pale tu unapokusudia kupiga polishi au nta mara baada yake.

Polishi, kwa mkono na kwa mashine

Pitisha ukucha kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umevuka klia au unakaribia kuivuka. Usijaribu kuumaliza kwa polishi, utaishia kutoboa. Mji wetu ni wa baiskeli, na pedali ya baiskeli iliyoegemezwa kwenye mlango huacha mikwaruzo ya namna hiyo hasa. Ukucha ukipita bila kujua, hiyo ndiyo kazi ya polishi.

Kuna kompaundi, yenye chembe kali, na kuna polishi laini ya kumalizia. Anza na iliyo laini kila mara. Chagua kipande cha boneti cha mraba wa sentimita 40, ukizungushie tepu ya karatasi, ukifanyie kazi hicho peke yake mpaka mwisho, kisha ukikague. Kama polishi laini imetosha, kompaundi ibaki dukani. Haikutosha, ndipo upande daraja. Watu wanaanza na kali ili wamalize haraka, halafu wanatumia siku nzima kuondoa ukungu ulioachwa na ile kali.

Funika kwa tepu kingo za milango, mistari iliyochongoka ya bodi, plastiki nyeusi na mipira ya vioo. Kwenye kingo rangi huwa nyembamba kuliko popote, na huko ndiko inakotobolewa.

Kwa mkono: sponji ndogo ya kupakia, matone manne ya polishi ya ukubwa wa punje ya choroko. Sambaza kwanza, kisha sugua kwa mistari ya kwenda na kurudi, kila mstari ukilalia nusu ya uliotangulia, halafu katiza kwa mistari ya upande wa pili. Mapito sita hadi nane, kwa nguvu ya kiasi, mpaka polishi ibaki utando mwembamba kama mvuke kwenye kioo. Futa kwa kitambaa safi. Mkono unachosha, na nisikudanganye, hauondoi yote. Unapunguza na kurudisha kina cha rangi. Boneti moja ya gari dogo inaweza kukumaliza saa nzima. Gawa gari kwa siku tatu, hakuna anayekukimbiza.

Ukipata mashine, iwe ile inayozunguka huku ikiyumba, kwa sababu haibaki sehemu moja na ni vigumu kuunguza nayo. Mashine ya fundi inayozunguka tu hukata haraka na inataka mkono uliofundishwa. Na grenda ya kukatia chuma iliyofungwa sponji, ambayo nimeiona kwa macho yangu, ikimbie: grenda ya kawaida huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya fundi kwa kawaida hufanya kazi chini ya 3,000. Sekunde chache mahali pamoja, klia imechemka. Kwenye bampa ni mbaya zaidi, maana plastiki haisambazi joto kama bati.

Mashine iguse rangi kabla hujaiwasha, ili polishi isiruke ukutani. Enda taratibu, kama sentimita tatu kwa sekunde. Kila baada ya maeneo mawili piga sponji brashi, na gusa bati kwa mgongo wa mkono: uvuguvugu sawa, moto simama.

Ukishafuta, usiamini macho upesi. Polishi ina mafuta yanayojaza michirizi, na gari huonekana jipya mpaka utakapoliosha mara mbili. Changanya alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 na maji kiasi sawa, pulizia, futa, kisha mulika kwa tochi ya simu usiku. Unachokiona hapo ndiyo kweli.

Penye bati wazi

Vipele vya mawe kwenye ncha ya boneti havisubiri, maana hapo ndipo chumvi inapoingilia. Tafuta namba ya rangi. Toyota za Japani huiandika kwenye kibati kilicho kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti, baada ya herufi C/TR au neno COLOR. Ukiona 040 ni nyeupe, 1F7 ni fedha, 202 ni nyeusi. Mpe muuza rangi namba hiyo, usimwambie "nyeusi" tu. Kwangua kutu kwa ncha ya msasa laini, futa kwa alkoholi, kisha dondoshea rangi kwa njiti ya meno, tone dogo, likauke saa kadhaa, uongeze jingine mpaka ijae. Ukipaka kwa brashi ya kopo utapata kovu kubwa kuliko kidonda.

Nta na ndugu zake

Nta ya karnauba hutoka kwenye majani ya mti fulani wa Brazili wa jamii ya mitende. Inatoa mng'ao mzito unaopendeza kwenye rangi nyeusi na nyekundu, lakini kwa jua la pwani haikai. Hesabu wiki kadhaa. Nta ya kiwandani, ile ya kemikali wanayoiita silanti, haina joto lilelile machoni lakini hudumu miezi minne, mitano. Kwa Tanga mimi natumia silanti, na karnauba naiweka ya sikukuu. Seramiki, dawa ya maji inayopakwa ikagandia juu ya klia, ndiyo ngumu kuliko zote na hudumu zaidi ya mwaka, ila haizuii jiwe wala pedali ya baiskeli. Pia inafungia ndani kila mkwaruzo ulioukuta, na kwa unyevu na joto letu hukauka mikononi haraka mno kwa mtu wa mara ya kwanza.

Paka kivulini, juu ya bati lililopoa, tabaka jembamba kiasi cha kuona ukungu tu. Ukipaka nene unajiongezea kazi ya kufuta. Subiri dakika 10 hadi 15, chora kwa kidole: ukiacha njia safi inayong'aa, futa, ikipaka kama siagi, ngoja kidogo. Epuka plastiki nyeusi. Ikishagusa, mswaki wa zamani na maji ya sabuni vitaondoa weupe ule. Gari lililotoka kupigwa rangi liache kwanza miezi miwili mitatu, thina iishe kutoka.

Mimi nafanya mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, na tena Septemba, kusi ikishalegea. Katikati yake ni kuosha tu, labda nta iwe imekwisha: kila wiki ukikaa karibu na bahari, kila wiki mbili ukiwa Kange au Pongwe.

Turubai la gari lisikudanganye. Juu ya gari chafu, upepo wa kusi unalipepea usiku kucha na kusugua vumbi lile lile. La nailoni nene linafungia unyevu na chumvi ndani. Lifunike gari safi tu, na kavu, au usilifunike.

Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha, toka kibarazani utazame boneti. Matone yakisimama duara na kukimbia kama shanga, nta ipo. Yakitandaa na kulala kama shuka, imekwisha. Subiri mvua ikatike, osha kwa ndoo mbili, kausha, upake upya jioni hiyohiyo.